Wenye mashamba ya miti Nyanda za Juu Kusini: mnajifunzaje ninyi kwa ninyi?

Ekari_Kilolo aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina ekari kumi na mbili za misindano (miti ya paina) wilayani Kilolo, nilizozipanda kwa awamu kati ya 2014 na 2017. Kama wengi tulioingia katika kilimo cha miti huku tukiwa na ajira mjini, ninaishi Dar es Salaam, na shamba linaangaliwa na mlinzi. Miti sasa imefikia umri ambao kila ushauri unagusa fedha: afisa misitu ananishauri niipunguze ili inayobaki inenepe, jirani ananiambia niiache kama ilivyo, na dalali anataka kuinunua yote ikiwa imesimama.

Nimesikia kwamba katika vijiji vingi vya Iringa na Njombe wenye mashamba wameunda vyama vya wakulima wa miti na kwamba wanafundishana. Ningependa kujua kutoka kwa waliomo: mwanachama anajifunza nini hasa kwa mwenzake ambacho asingekipata kwa afisa misitu au katika kijitabu? Na sisi tusiokaa kijijini tuna nafasi gani humo?

Mlimamiti_Njombe alijibu:

Karibu, ndugu. Mimi ni mwanachama wa chama cha kijiji upande wa Njombe. Vyama vya aina hii vilipata nguvu kuanzia 2014, pale programu ya Panda Miti Kibiashara, iliyoanzishwa na serikali za Tanzania na Ufini, ilipochagua kufanya kazi na wakulima kupitia vikundi vya vijiji. Baadaye vyama hivyo vikawa na umoja wao wa kitaifa, TTGAU. Lakini unayoyauliza hayatokani na programu wala umoja, kwa sababu yanafanyika shambani, watu wakiwa wanane au kumi wanapita katikati ya mistari ya miti ya mwenzao na kumuuliza maswali ambayo afisa misitu hawezi kuulizwa.

Chukua suala lako la kupunguza miti. Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 unapata miti 1,111 kwa hekta, yaani takribani 450 kwa ekari, na kila mtaalamu atakueleza kwamba miti hiyo yote haiwezi kunenepa pamoja. Watu huitikia, wanarudi nyumbani, na hawakati hata mmoja, kwa maana anayeambiwa akate ndiye aliyenunua miche, akalipa vibarua wa kupalilia na kusubiri miaka yote hiyo. Kilichowabadilisha watu wa kijiji chetu ni shamba la mwenzetu mmoja aliyepunguza upande mmoja tu na kuuacha mwingine. Mzee aliyekuwa akipinga kuliko wote alipewa futi kamba ya fundi cherehani, akaizungusha mwenyewe kwenye mashina ya pande zote mbili, katika kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, akiviita vipimo kwa sauti ili katibu aandike. Ukigawa mzingo kwa 3.14 unapata kipenyo, kwa hiyo shina lenye mzingo wa sentimita 63 lina kipenyo cha sentimita 20 hivi, na hesabu hiyo kila aliyekuwepo aliweza kuifanya kwa simu yake. Hakuna aliyelazimika kuhubiri baada ya hapo.

Maswali yaliyofuata ndiyo usiyoyakuta katika kijitabu: vibarua walidai kiasi gani, miti iliyoangushwa ilikwenda wapi, nani alinunua fito, nani aliambulia kuni tu, na mke wa mwenye shamba alisema nini alipoona miti imelala chini.

MamaMisindano_Mufindi alijibu:

Ninakubaliana na kaka hapo juu kuhusu kupunguza miti, ila usije ukaamini kwamba wakulima wa miti huambiana kila kitu. Mwenzako atakuonyesha namna alivyopogoa, atakupeleka hadi kwenye kitalu chake, lakini ukimuuliza aliuza kwa bei gani mazungumzo yanahamia kwenye mvua. Mauzo ya shamba la miti ni jambo la familia, mara nyingi yana ada ya shule au msiba nyuma yake, na dalali naye humsihi muuzaji asiseme. Matokeo yake ni kwamba dalali anazijua bei za kata nzima, ilhali kila mwenye shamba anaijua ya kwake peke yake. Chama kisichovunja ukimya huo kitawafundisha watu kukuza miti mizuri ya kumtajirisha mtu mwingine.

Sisi tulianzia pale ambapo hakuna aliyeona haya, yaani kwenye kuhesabu. Wengi huuza shamba zima kwa kukadiria kwa macho, na dalali huhesabu miti minene tu, kisha anaondoka na ile myembamba kana kwamba ni nyongeza. Kikundi chetu, ambacho wengi wao ni wanawake, kilijifunza kwa wenzetu wa kijiji cha pili kutumia kamba ya mita 5.64. Mmoja anashika ncha moja katikati, mwingine anazunguka na ncha ya pili, na duara hilo lina mita za mraba 100. Hesabu miti iliyo ndani, pima mzingo wa kila mmoja, rudia katika sehemu kadhaa za shamba bila kuchagua zile zilizostawi, kisha wastani wa idadi uzidishe kwa 100 upate miti ya hekta moja, au kwa 40 upate ya ekari. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 unatarajia miti kama 11 ndani ya duara. Ukikuta sita katika shamba ambalo halijapunguzwa, ujue mapengo ya miti iliyokufa hayakuzibwa. Mwenye shamba aliyekwisha kupima anazungumza na dalali kwa sauti nyingine kabisa, na tangu tulipoanza kupimiana, bei nazo zimeanza kutajwa, kwanza kwa kunong'ona.

Niongeze moja. Katika mikutano ya ofisi ya kijiji akina mama huketi nyuma na kunyamaza hata pale ambapo wao ndio wapaliliaji. Shambani hawanyamazi. Chama kinachokutana ofisini tu kinapoteza nusu ya maarifa yake.

Mstaafu_wa_Misitu alijibu:

Nimefanya kazi ya misitu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ninayaunga mkono yaliyosemwa, pamoja na tahadhari moja. Wenzako hukuambukiza makosa kwa kasi ileile wanayokupa maarifa. Milingoti (mikaratusi) iliyopandwa hadi ukingoni mwa chemchemi haikushauriwa na mtaalamu yeyote. Mtu mmoja alipanda, akauza nguzo, na jirani zake wakamfuata, ingawa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za aina hiyo ndani ya mita 60 za kingo za mito na vyanzo vya maji. Kwa misindano ni hivyohivyo: Pinus patula hupendelea maeneo ya juu yenye baridi, lakini imepandwa hata mabondeni kwenye joto, mahali ambapo Pinus maximinoi au Pinus tecunumanii ingefaa zaidi, kwa sababu tu mbegu yake ilikuwa kwa jirani. Mbegu zenyewe mara nyingi huokotwa kwenye mti wowote ulioangushwa, hata uliopinda. Kwa hiyo chama kizuri ni kile kinachomwita mtu wa nje mara kwa mara ili ayahoji mazoea yake.

Ama kuhusu ninyi mnaokaa mjini, jambo linalowaunganisha na kijiji mpende msipende ni moto. Shamba lisilopaliliwa la mtu wa Dar es Salaam ndilo linalobeba moto kutoka shamba lililochomwa kwa ajili ya mahindi hadi kwenye miti ya wanakijiji, na wanalijua hilo vizuri. Barabara za kuzuia moto husafishwa kwa pamoja mwanzoni mwa kiangazi, kabla ya nyasi kukauka kabisa, na siku hizo ndipo mipaka inapozungumzwa, mlinzi mzembe anapotajwa, na mtu anapojifunza kwamba jirani yake ana pampu ya mgongoni.

Ekari_Kilolo aliandika tena:

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Je, mlinzi wangu anaweza kuniwakilisha katika chama, au lazima niwepo mwenyewe? Na dalali nimjibu nini wakati huu?

MamaMisindano_Mufindi alijibu:

Uanachama unategemea katiba ya chama cha kijiji husika, kwa hiyo mwombe katibu akusomee kifungu hicho. Kwa kujifunza, mtume mlinzi bila kusita, kwa sababu yeye ndiye atakayeshika panga la kupogolea. Kwa maamuzi hatasikilizwa, kwani wenzako wanajua kwamba hana kauli juu ya mali. Njoo mwenyewe siku za kusafisha barabara za moto, na ada yako ilipwe kwa wakati kama ya watu wengine.

Dalali mwambie shamba linapimwa kwanza. Omba wanachama wawili wakusaidie kuzungusha kamba, nawe utawarudishia siku ya kwao. Kilolo kuna miteremko, hivyo kamba ishikwe ikiwa imelala sawa hewani badala ya kuifuata ardhi. Tena isiwe kamba inayovutika, maana ikirefuka kidogo tu duara linapanuka, miti ya ziada inaingia, na dalali akihesabu mwenyewe baadaye atapata sababu ya kukataa hesabu yako yote.