Steringi ni nani? Mjadala kuhusu kauboi mpya wa Scorsese

Mtoto wa Magomeni (mleta mada), Januari 2024

Wakuu, habari za Jumapili. Jana nilikusanya watu sebuleni kwa baba mdogo tukaangalia Killers of the Flower Moon, picha ya Martin Scorsese iliyoingia sinema Oktoba mwaka jana na sasa iko mtandaoni. Baba mdogo ni mtu wa kauboi tangu enzi za majumba ya sinema, nikamtamba: leo nakuletea kauboi wa mkongwe mwenzako, kaigiza DiCaprio, kaigiza De Niro. Akavuta kiti mbele.

Baada ya nusu saa hivi akageuka: "Steringi ni yupi hapa?" Nikamwonyesha DiCaprio. Saa moja baadaye akageuka tena, safari hii kakunja uso: "Mbona steringi wako ndiye adui?"

Sikuwa na jibu, na ndiyo maana nimeleta hapa.

Kwa ambao hamjaiona, kisa ni cha kweli. Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, walisukumwa kutoka Kansas, wakanunua kwa fedha zao eneo la mawe mawe huko Oklahoma ambalo hakuna Mzungu aliyelitaka. Chini yake yakakutwa mafuta. Mwaka 1906 ikawekwa sheria kwamba madini yatabaki mali ya kabila zima, na watu 2,229 wakaandikishwa, kila mmoja na hisa yake. Hisa haiuzwi. Inarithiwa tu. Ukisikia hivyo, kama umewahi kuona ndugu wakigombea nyumba ya urithi, unajua kinachofuata. Wazungu wakaanza kuoa. Halafu wale wake, mama zao na dada zao wakaanza kufa: huyu risasi, yule sumu, mwingine nyumba kulipuliwa usiku. William Hale (De Niro) ndiye bwana mkubwa wa mji na kinara wa mauaji. Ernest Burkhart (DiCaprio) ni mpwa wake, mume wa Mollie (Lily Gladstone), na familia inayomalizwa ni ya Mollie.

Hoja yangu: Scorsese kakosea mtu. Dakika 206 tunakaa ndani ya kichwa cha muuaji mzito wa kufikiri, huku Mollie, ambaye kila kitu kinamtokea yeye, sehemu kubwa ya katikati yuko kitandani anatetemeka. Mwenye msiba kawekwa nyuma ya pazia. Nawakaribisha.

Kauboi Mstaafu

Kwanza hiyo si kauboi. Kauboi gani watu wanaendesha magari, wana mawakili na kampuni ya bima? Nilingoja bastola mbili zitazamane barabarani, sikuziona. Pili, saa tatu na dakika 26 bila mapumziko! Picha za Kihindi zilikuwa na adabu, katikati taa zinawaka, unanunua karanga, unakwenda msalani, unarudi. Nasikia hata sinema fulani za Ulaya ziliweka mapumziko zenyewe wakaambiwa waache. Kibofu hakijui usanii.

Bint Saida

Shikamoo mzee Mstaafu. Magari yapo kwa sababu ni miaka ya 1920, lakini ardhi, pesa, Mzungu mgeni anayeshuka kwenye treni na wenyeji wa asili vyote vipo. Tofauti ni moja tu: zamani wale tuliokuwa tukiwaita Wahindi Wekundu walikuwa wanatoka nyuma ya kilima wakipiga kelele, steringi anawadondosha mmoja mmoja, na ukumbi mzima tunashangilia. Sisi! Weusi wa Kariakoo tunamshangilia mnyang'anyi. Hapa umekaa na mnyang'anyi yule yule, umemzoea, anatania, anacheza na watoto wake, anampenda mkewe kweli, halafu unamwona anachanganya kitu kwenye sindano. Mleta mada, baba mdogo wako alipokunja uso, picha ilikuwa inafanya kazi yake.

Na ujue ilikuwaje mwanzo. Kitabu cha David Grann cha 2017 kwa sehemu kubwa kinamfuata mpelelezi, Tom White, aliyetumwa na ofisi ambayo baadaye ikawa FBI. DiCaprio alipangiwa kuwa huyo mpelelezi. Baadaye wakaivunja hati nzima, yeye akachukua nafasi ya Ernest, na Tom White akapewa Jesse Plemons, ambaye anaingia picha ikiwa imeshakwenda mbali. Scorsese mwenyewe alieleza kwamba aligundua anatengeneza picha ya Wazungu watupu. Ungependa ile ya kwanza? Polisi mweupe anafika na kofia, anawaokoa, mwisho. Steringi ungempata, tena wa bei rahisi.

Mtoto wa Magomeni

Dada yangu, umenichagulia kati ya polisi na muuaji, wakati mimi nimemtaja Mollie. Si mimi peke yangu. Christopher Cote, Mosage aliyekuwa mshauri wa lugha katika picha yenyewe, alisema siku ya uzinduzi kwamba angetaka hadithi ipite machoni mwa Mollie. Akaongeza kwamba hiyo labda ingehitaji Mosage ndiye aongoze. Aliwasifia pia, sikatai. Lakini mtu aliyekuwa jikoni akisema chumvi haijakolea, sisi wa mezani tutabisha nini?

Dereva wa Masafa (Oklahoma)

Mimi ni Mtanzania, naendesha lori huku. Njia namba 60 kati ya Ponca City na Bartlesville inapita Pawhuska, makao makuu ya Waosage, nami nimeipita mara nyingi kuliko nilivyopita Chalinze. Ni nyasi, nyasi, nyasi, halafu unaziona pampu za mafuta uwandani zinainama na kuinuka polepole kama kuku anayedonoa. Nyingine zimeshakufa, zina kutu. Hapo Pawhuska ndipo walipopigia picha, mtaa mkuu wakaumwagia udongo ufanane na ule wa mji wa Fairfax wa zamani, kisa kilikotokea.

Mwezi uliopita nilisimama kunywa kahawa. Dada wa kaunta ni Mosage, nikamuuliza kama ameiona. Akasema hapana na hataiona, lakini mama yake kaiona mara mbili. Nikauliza mama kasemaje. Akanijibu kwamba mama hakusema kitu, alirudi nyumbani akatoa picha za ukutani akazifuta vumbi. Nikalipa nikaondoka. Sina hoja, natoa taarifa tu.

Mswahili wa Mvita

Ahsante kaka Dereva, umeandika fupi lakini umeandika.

Mimi nasimama katikati, mnisamehe. Hili la nani ana haki ya kusimulia, Waosage wenyewe hawana kauli moja. Kuna yule Cote. Kuna pia chifu wao, Geoffrey Standing Bear, aliyekwenda kwenye tamasha la filamu la Cannes Mei 2023 na kusema kuwa Scorsese na timu yake wamerudisha imani ya watu wake na imani ile haitavunjwa. Kabla ya kupiga picha, Scorsese alikwenda Gray Horse, kijiji cha Waosage, akakaa na jamaa za waliouawa akawasikiliza, na hati ikabadilika kwa sababu hiyo. Na kuna wasanii wa makabila mengine ya asili, kama Devery Jacobs, walioona kuitazama ni maumivu juu ya maumivu. Wote wana haki. Ni kama matanga: huyu anataka kuhadithia marehemu alivyokufa, yule hataki kusikia.

Kilichonishika mimi ni lugha. Kiosage kinasemwa humo, na kuna mahali hakuna maandishi ya tafsiri. Nilikumbuka vibanda vya video, DJ anaweka sauti yake juu ya kila mtu, hata mbwa akibweka anamtafsiri. Pale angefanyaje? Angenyamaza. Kuna dakika Mollie anasema kwa lugha yake mbele ya Mzungu na wewe mtazamaji uko upande wa wasioelewa. Sasa mtu ambaye maneno yake hujapewa yote, bwana mleta mada, utakaaje kichwani mwake? Mlango umefungwa kwa makusudi, na nadhani ni heshima.

Mtoto wa Magomeni

Heshima, au kutojua kilichomo ndani? Mlango uliofungwa kwa heshima na uliofungwa kwa sababu huna ufunguo, kwa nje vinafanana.

Bint Saida

Hilo nakupa. Lakini rudi kwenye mvua. Ernest amekaribishwa kwa Mollie, radi inapiga, mvua inashuka, yeye anaruka kwenda kufunga dirisha. Mollie anamzuia: kaa, tulia, mvua ina nguvu. Wanakaa. Kamera imekaa. Jamaa hawezi kukaa kimya hata dakika moja, anajipapasa kama mtoto msikitini, na yeye mwanamke amefumba macho. Katika picha nzima yeye pekee ndiye anayejua kukaa. Halafu mwishoni anamuuliza mumewe swali moja, ulikuwa unanidunga nini, na mume anajibu insulini. Hapigi kelele. Anainuka, anatoka. Picha hiyo hiyo unayosema imemweka nyuma ya pazia imempa yeye hukumu.

Fundi Redio

Hamjagusa mwisho! Baada ya hapo hadithi inageuka mchezo wa redio: watu wamesimama kwenye kipaza sauti, mmoja anagonga vitu kutoa mlio, wasikilizaji wanafurahi, mauaji ya watu yamekuwa kipindi chenye mdhamini wa sigara. Tuliokua na michezo ya redio jioni tunajua utamu ule. Kisha anatoka Scorsese mwenyewe, mzee wa miaka 80, anasoma tangazo la kifo cha Mollie, 1937, na kutaja kwamba halikusema lolote juu ya mauaji. Anajihukumu jamani. Ni kama anasema hata mimi nimewauzia tiketi.

Mtanisamehe, hilo ndilo linaniudhi pia. Kuomba radhi katika bidhaa yenyewe, baada ya kwisha kuiuza, ni ujanja mzuri sana.

Kauboi Mstaafu

Swali la mtu mzima: Hale alinyongwa?

Mtoto wa Magomeni

Hata baba mdogo aliuliza hivyo hivyo. Hapana mzee. Kifungo cha maisha, akatoka 1947. Ernest naye alisamehewa na gavana miaka ya 1960, akaishi hadi 1986. Baba mdogo alizima televisheni mwenyewe kwa mkono, na rimoti iko pale.

Bint Saida, Machi 2024

Nafufua uzi. Tuzo za Oscar zimepita: picha imetajwa mara 10, imeondoka mikono mitupu. Gladstone alichukua Golden Globe Januari, ya Oscar ikaenda kwa Emma Stone. Mleta mada, naona wapiga kura wa Oscar wote wamekuunga mkono.

Mtoto wa Magomeni

Wala sikufurahi. Yule dada alistahili. Ndiyo kwanza nimekimaliza kitabu chenyewe, na kuna jambo nataka kumwambia mzee Mstaafu aliyelalamika hakuna kauboi.

Mollie na Ernest walikuwa na mtoto wa kiume, James. Kwao walimwita Cowboy. Usiku wa Machi 1923 walipolipua nyumba ya Rita, dada yake Mollie, ilikuwa Mollie na watoto wakalale huko. Cowboy akaumwa sikio, wakabaki nyumbani. Baba yake alikuwa anajua mpango wa bomu. Na huyo mtoto alikua akijua kwamba baba alijua.

Kauboi Mstaafu

Duh.

Nitaitazama tena. Safari hii nitaikata vipande viwili.