Naomba ushauri: niingie sheria ya uchaguzi kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 2027?

Habari zenu mawakili na wanachama wote. Mimi ni wakili hapa Mombasa, kazi yangu kubwa ni kesi za mashamba na mirathi. Lakini moyo wangu uko kwenye sheria ya uchaguzi, tangu nilipomsaidia mkubwa wangu katika kesi ya kiti cha mwakilishi wadi baada ya uchaguzi wa 2022. Tulikesha tukipitia Fomu 36A, yaani fomu za matokeo ya wadi kutoka vituo vya kupigia kura, kituo baada ya kituo, tukitafuta penye tarakimu zilizokatwa na pasipo sahihi ya wakala wa mgombea. Sijapata kuipenda kazi namna ile.

Kinachonitatiza ni riziki. Kesi kama hizo huwasilishwa ndani ya siku 28 tangu matokeo yatangazwe na huamuliwa ndani ya miezi 6. Zikishaisha rufaa, kimya hadi uchaguzi mwingine. Na wateja wa mashamba hawakungojei.

Nimewauliza wakubwa wangu kortini. Mmoja anasema nijiunge na chama niwe mwanasheria wake. Mwingine ananionya kwamba nikishafanya hivyo, mgombea wa upande wa pili hataniamini tena. Hapa Mombasa tunajuana sote, kwa hiyo naona ana hoja.

Naomba mnisaidie kwa haya: nyinyi mlio kwenye kazi hii, kati ya uchaguzi na uchaguzi mnaishi kwa kazi gani hasa? Na je, nianzie na mizozo ya uteuzi wa wagombea kwenye Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, au nisubiri kesi za wadi mahakama ya hakimu?

Natanguliza shukrani.