Wakuu naombeni ushauri, utafiti wa panya unaninyima usingizi

Finalisti_Mnyonge: Habari za humu. Nipo mwaka wa mwisho saikolojia, chuo sikitaji. Utafiti wangu una panya 24 wale weupe. Unamtia panya kwenye ndoo ndefu ya maji, hagusi chini wala hatoki, leo dakika 15, kesho 5, unahesabu sekunde alizoacha kuogelea akawa anaelea tu. Kipimo cha Porsolt hicho, tangu 1977, wanapimia dawa za sonona. Roho inanisuta. Niendelee au nibadili mada? Zimebaki wiki 5.

MamaDuka: Panya?? Kwangu wamemaliza gunia la mchele na waya wa friji, juzi nimewategea gundi wakalia usiku kucha nikalala fofofo. Walete huku, simtanki ninalo.

Mtumishi77: Soma Mithali 12:10 kijana, mwenye haki hujali uhai wa mnyama wake.

MtotoWaMoro: Panya buku wetu Magawa, mzaliwa wa Morogoro, kanusa mabomu Kambodia, 2020 akapewa medali ya dhahabu. Nyie wenzake mnawazamisha 😂

DaktariNgombe: Dogo, kibali cha kamati ya maadili unacho? Wanasayansi Russell na Burch toka 1959 wanauliza: huwezi kutumia kitu kingine? huwezi kupunguza idadi? huwezi kupunguza mateso? Halafu anayeelea siku hizi wengi wanasema hajakata tamaa, kajifunza hakuna pa kutokea anatunza nguvu zake. Sasa unapima nini?

Finalisti_Mnyonge: Kibali kipo mkuu.

DaktariNgombe: Cha utafiti upi?

Finalisti_Mnyonge: Cha msimamizi, wa lishe, mwaka juzi. Yeye anasema panya ni panya. Na 11 wameshapita, nikiacha sasa hao si wameteseka bure? Mwanasaikolojia Harlow kule Wisconsin, Marekani, alitenga vitoto vya kima na mama zao, mbona tunamsoma darasani?

DaktariNgombe: Na anavyosemwa mnasoma pia, labda ulisinzia hicho kipindi. Kumbe ushaanza, ushauri wa nini?

Kijiwe_Nongwa: Hii chai. Januari huyu huyu alikuwa dereva wa lori kakwama Tunduma anaulizia giaboksi.

Finalisti_Mnyonge: Nilimuulizia mjomba.

Kijiwe_Nongwa: Chai ya tangawizi kabisa. Watu mnamjibu!

MamaDuka: Hata mimi nilihisi, panya wa kununua tena??

Finalisti_Mnyonge: Ndoo ni ya rangi, nyeupe, lita 20, nimebandua lebo. Mwanzo anakwangua ukutani, kucha unazisikia. Baadaye anatoa pua tu, anapiga mguu mmoja wa nyuma taratibu asizame. Ukimtoa ukamfuta na taulo anatetemeka anakung'ang'ania kidole. Mtu anatunga hivyo ili iweje?

Kijiwe_Nongwa: Endelea basi, tunakunywa.

DaktariNgombe: Mpelekee katibu wa kamati kesho asubuhi, kabla ya huyo wa 12.

Finalisti_Mnyonge: Wa 12 nilimtia jana mkuu. Simu ikaita nikatoka nje kidogo kuipokea. Sasa kwenye jedwali namuandikaje?