Mwalimu wa tuisheni, "kikivuka kinageuka" yako inawaharibia watoto wetu fizikia

Assalaam alaykum wanajamvi. Nina hasira na sitozificha.

Mpwa wangu yuko Fomu Tatu hapa Wete. Tuisheni yake ya fizikia nailipia mimi, shilingi 15,000 kila mwezi, na mimi ni fundi umeme, fedha hizo nazipata juu ya ngazi. Juzi usiku kaja na daftari analia. Swali la pendulamu, kile kizito kinachobembea kwenye uzi: T = 2π√(l/g), uzi (l) una mita 0.9, T, muda wa kwenda na kurudi mara moja, ni sekunde 1.9, tafuta g, yaani mchapuko wa kitu kinapoanguka. Mstari wake wa kwanza ulikuwa huu:

√(l/g) = T − 2π

Akapata −4.38, akaizidisha kwa yenyewe ikawa 19.2, akenda hivyo hivyo mpaka mwisho, g ikatoka 0.047. Mwalimu kachora kosa kubwa kwa kalamu nyekundu, chini kaandika "HUKARIRI". Yaani mtoto hakariri fomula. Basi, hakuna neno jengine.

Nikamuuliza, mwanangu, hii 2π umeitoaje? "Mjomba, kitu kikivuka alama ya sawasawa kinageuka. Jumlisha inakuwa toa." Haya, hapa jumlisha iko wapi? Akaliangalia daftari, akaliangalia, akanyamaza. Hakuna aliyepata kumwambia kwamba 2π imezidishwa na kile kipeuo, na kilichozidishwa hutolewa kwa kugawa.

Na hiyo 0.047 mwalimu kaiona kwa macho yake! Kwa g hiyo, embe likikatika kwenye tawi la mita 5 lingechukua karibu sekunde 15 kufika chini. Mwembe tunao uani. Mtoto anajua tangu hajaanza skuli kwamba embe likikatika, ukihesabu moja tu lishapiga chini. Kwa nini asiambiwe alitazame jibu lake ajiulize kama linawezekana?

Tukakaa mkekani. Nikamwambia fikiria halua, namna wanavyoifunga kwenye kifumba. Kilichofungwa mwisho ndicho unachoanza kukifungua. Sasa itafute g imefungwa wapi. Imeigawa l, wote wawili wamo ndani ya kipeuo, na nje kabisa iko 2π. Basi anza nje: gawa pande zote mbili kwa 2π, unapata T/2π = √(l/g). Kipeuo nacho kinafunguka ukizidisha kila upande kwa wenyewe: T²/4π² = l/g. Akaniuliza kwa nini pande zote mbili. Nikamwambia mizani ya karafuu umeiona, ukipunguza upande mmoja tu inalala. Hapo akanyang'anya kalamu. Akaizidishia g pande zote, akamalizia mwenyewe: g = 4π²l/T². Kikokotoo kikatoa 9.84. Huku kwetu karibu na ikweta g ni kama 9.78, kwa hiyo hapo kafika. Halafu bila ya mimi kusema kitu akaitafuta l kwa njia ile ile. Hata dakika 20 hazikufika. Asubuhi kafunga kufuli kwenye uzi wa sentimita 90, likenda na kurudi mara 20 kwa sekunde 38, kisha akakaa kuzigawa sekunde kwa 20 mwenyewe: 1.9.

Mtoto huyu ndiye anayeandikiwa "HUKARIRI".

Nikamfuata mwalimu baada ya alasiri, kwa adabu zote. Kanambia: "Fomula ziko tatu, ya T, ya l na ya g, wakariri zote." Na wakiletewa springi, T = 2π√(m/k)? "Nayo wakariri." Sheikh wangu, V = IR wakariri tatu, v² = u² + 2as wakariri nne, hao watoto wabebe magunia mangapi kichwani, na yote ni kitu kimoja?

Mimi kazi yangu ndiyo hii. Mteja kaleta birika la wati 2000, umeme volti 230, nataka ampia ili nijue waya gani nivute. P = VI, nagawa, napata 8.7. Kwa kanuni ya kuvusha na kugeuza ningetoa 230 kwenye 2000, nipate ampia 1770. Nyumba gani ina waya huo? Na ningekosea upande wa pili, nikavuta waya mwembamba, watu wanaungua wamelala.

Sitaki kurudishiwa fedha. Wenye watoto Wete, fungueni madaftari yao usiku huu, mtafute penye kuzidisha mtoto akaweka kutoa. Mkikuta, andikeni hapa. Na wewe mwalimu, najua jukwaa hili unalisoma. Ile "KIKIVUKA KINAGEUKA" iko kwenye kona ya juu ya ubao wako, umeizungushia duara. Ifute. Jumamosi baada ya alasiri napita tena kuangalia.