Mashine ya kusaga na redio ya chumba cha pili: nianzie wapi?

MpangajiChang'ombe: Wakuu, heshima kwenu. Nyumba ya vyumba sita hapa Dodoma, tofali za saruji, dari la jipsamu. Mashine ya kusaga iko mita 15 hivi, inaanza saa 11 alfajiri. Usiku redio ya jirani unaisikia kama iko uvunguni mwako. Bibi tunayeishi naye ana presha na halali vizuri. Kelele zinaweza kuchangia? Na trei za mayai ukutani zinasaidia?

TabibuKijiweni: Zinachangia, ingawa si sababu pekee, kwa hiyo dawa asiache. Sikio halilali. Hata asipozinduka, mshindo wa ghafla hupandisha mapigo ya moyo na homoni za msongo, na presha ambayo kwa kawaida hushuka usiku inabaki juu. Shirika la Afya Duniani linashauri chumba cha kulala kisizidi wastani wa desibeli 30, na mshindo mmoja mmoja usizidi 45. Maongezi ya kawaida tu yako kwenye 60. Mpimeni asubuhi na jioni kwa siku saba, akiwa ametulia kwenye kiti dakika tano, muandike, halafu daftari hilo la namba mlipeleke kliniki.

FundiLipu: Trei za mayai sahau, mkuu. Zinapunguza mwangwi kidogo humo humo chumbani, basi. Sauti inazuiwa na uzito na kuziba matundu, na trei ni karatasi.

Angalia juu ya dari kwanza. Nyumba nyingi za kupangisha ukuta wa kati unaishia kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Sauti inapenya jipsamu ya milimita 9, inavuka chini ya bati, inashukia kwako. Usiku fungua kifuniko cha dari, zimeni taa, mtu amulike tochi kutoka upande wa jirani. Mwanga unapopita, redio inapita. Mwenye nyumba apandishe tofali za inchi 5 mpaka kwenye bati, alipu pande zote mbili, na migongo ya bati aijaze mota, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga. Wengi wanaruka hiyo migongo, kisha wanalalamika kwamba kazi haikusaidia.

MtaaKwaMtaa: Mashine ikipiga kelele kuliko zamani, mara nyingi beringi imekwisha au nyundo za ndani zinazoponda nafaka zimelika. Nyundo zibadilishwe seti nzima. Ukiweka mpya moja, rota inayozizungusha inayumba. Ikae kwenye zege lake yenyewe, na mpira mzito chini ya miguu. Mwenye mashine akigoma, anza na mwenyekiti wa mtaa, kisha afisa mazingira wa kata, halafu NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kanuni za kelele na mitetemo za 2015 zina viwango vya mchana na vya usiku. Nenda na daftari lenye tarehe na saa.

MpangajiChang'ombe: Shukrani wakuu. Vizibo vya masikio kwa bibi je?

TabibuKijiweni: Vya sponji. Kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa nyuma, ingiza, shikilia nusu dakika kivimbe. Sikio likiwa linatoa usaha, asiweke.