Ganzi haishiki kwenye jipu la kidole: tatizo ni dawa au ni neva?

Muuguzi mwanafunzi, Bukavu
Wakubwa zangu, shikamooni. Tukishona jeraha safi la mkono, lidokaini ya 2%, dawa yetu ya ganzi, inashika baada ya dakika chache. Tukipasua jipu kwenye ncha ya kidole, dawa ni ileile, lakini mgonjwa anapiga kelele. Wengine wanaongeza dozi tu. Lidokaini inazuia nini hasa kwenye neva (mshipa wa fahamu), na usaha unaishinda vipi?

Mwalimu wa fiziolojia, Lubumbashi
Mdogo wangu, anza na neva yenyewe. Ikitulia, ndani ya utando wake kuna umeme hasi, karibu milivolti −70 ukilinganisha na nje. Sodiamu imejaa nje, potasiamu imejaa ndani. Pampu iliyo kwenye utando ndiyo inayolinda tofauti hiyo: kila mzunguko inatoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2.

Kidole kikichomwa, umeme wa ncha ya neva unapanda polepole. Ukifika kama −55, milango ya sodiamu inafunguka kwa wingi, sodiamu inamiminika ndani, umeme unaruka mpaka +30 hivi. Mara milango hiyo inajifunga, potasiamu inatoka, na neva inarudi kwenye utulivu. Yote hayo ni milisekunde 1 au 2. Kipande kilichowaka kinaamsha kinachofuata, hivyo hivyo mpaka uti wa mgongo. Wanasayansi Hodgkin na Huxley waliyaeleza haya mwaka 1952 baada ya kupima neva nene ya ngisi.

Lidokaini inaziba mlango wa sodiamu, tena kwa upande wa ndani. Pampu haiguswi. Neva iko hai kabisa, ila haiwezi kuwaka.

Mtaalamu wa ganzi, Goma
Hapo kwenye "upande wa ndani" ndipo usaha unapoingilia. Ili ipenye utando wa neva, lidokaini lazima iwe haina chaji. Kwenye nyama yenye afya, pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) ni 7.4, na karibu robo ya dawa iko katika hali hiyo. Kwenye jipu kuna asidi. pH ikishuka mpaka 6.5, inabaki kama 4% tu. Nyingine yote iko nje ya utando, haina njia. Juu ya hapo, mishipa ya damu imetanuka na inaisomba dawa, na kemikali za uvimbe zimeifanya neva iwake kwa mguso mdogo.

Kwa hiyo msidunge ndani ya jipu. Mnasambaza vijidudu bure. Izuieni neva kule inakopita kwenye nyama safi: shina la kidole, pande zote mbili za mfupa, mililita 1 hadi 2 kila upande, lidokaini ya 1% au 2% isiyo na adrenalini. Vuta bomba kwanza uone kama damu inaingia. Subiri dakika 5 hadi 10 ukiangalia saa, kisha jaribu kwa ncha ya sindano kabla ya kisu. Watu wengi wanakata mapema mno, halafu wanailaumu dawa.

Kuhusu kuongeza dozi: kikomo cha lidokaini tupu, isiyo na adrenalini, ni miligramu 4.5 kwa kila kilo, isizidi 300. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 270, yaani mililita 13.5 za 2% (kila mililita ina miligramu 20). Mtoto wa kilo 12 ni mililita 2.7 tu! Mgonjwa akianza kusikia ganzi mdomoni, ladha ya chuma au mlio masikioni, acha kudunga hapo hapo. Degedege linaweza kufuata, hata moyo kusimama.

Muuguzi mwanafunzi, Bukavu
Asante sana docta. Na yule anayesema bado anasikia ukimgusa?

Mwalimu wa fiziolojia, Lubumbashi
Hilo ni la kawaida. Nyuzi nyembamba za maumivu huzibwa mapema. Zile nene za mguso, zilizofunikwa mayelini (ala ya mafuta), huchelewa, na pengine hazizibwi kabisa. Mwambieni mapema: utasikia kusukumwa, usisikie kukatwa. Akisikia makali ya kisu, simamisheni.

Mtaalamu wa ganzi, Goma
Na mkifunga raba ya glavu kwenye shina la kidole kuzuia damu, ibaneni kwa koleo kubwa la kuonekana. Kidole chenye ganzi hakitalalamika raba ikisahaulika chini ya bandeji, na kinaweza kufa.