Harusi Lubumbashi: tuwashike watoa huduma wote mapema, kwa awamu, au miezi 3 ya mwisho?

Dada_wa_Golf
Jambo kwenu. Harusi ni Jumamosi ya Agosti mwakani, wageni 300, ndoa ya Kikatoliki. Baba mdogo anataka tutoe avansi (malipo ya awali) kwa watoa huduma wote sasa hivi, mama anasema twende kwa awamu, marafiki wanadai miezi 3 inatosha na bei itashuka. Ipi inafaa hapa kwetu?

Mratibu_Kampemba
Kwa awamu, dada, ila usigawe kwa kalenda peke yake. Jiulize juu ya kila mmoja: anaweza kuhudumia harusi mbili siku moja? Ukumbi hauwezi. Mpiga picha mzuri hawezi, mshereheshaji hawezi. Hao washike miezi 8 hadi 10 kabla, kwa sababu Jumamosi za kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, zinagombaniwa. Mpishi mwenye kikosi, viti na magari ya msafara, miezi 4. Gato (keki), maua na kadi, wiki 6 hadi 8.

Lakini kabla ya avansi yoyote, tarehe tatu ziwe zimekubaliwa: mahari, komini (ndoa ya serikali), parokia. Sheria ya Familia ya 1987 inataka mahari iwe imetolewa, walau sehemu, kabla ndoa haijafungishwa. Wakwe wakisogeza siku ya mahari, komini inasogea, kanisa linasogea, na avansi ya ukumbi haikufuati. Ndiyo maana siwezi kuunga mkono njia ya baba mdogo, hata kama nia yake ni njema. Tena kuna karatasi zisizotaka haraka: parokia huomba cheti cha ubatizo kilichotolewa ndani ya miezi 6, kwa hiyo cha leo hakitafaa Agosti.

Saa ya misa iandikwe kabla hujasaini ukumbi. Misa ikiisha asubuhi na ukumbi ukifunguliwa jioni, wageni wa mbali watakaa wapi, watakula nini?

Fundi_Sono
Nawatetea kidogo wa miezi 3. Januari hadi Machi njia hiyo inawezekana: mvua ni nyingi, na Kwaresima parokia nyingi hazifungishi ndoa za sherehe, basi nafasi zipo na bei inajadilika. Kwa Agosti, hapana. Utapata aliyebaki, na mara nyingi amebaki kwa sababu.

Kuhusu umeme, usikubali maneno "grupu (jenereta) ipo". Kwenye mkataba andika ni ya kVA ngapi (kipimo cha nguvu yake), mazutu (dizeli) ni ya nani, na nani anakaa nayo usiku kucha. Kwa sono (vyombo vya muziki), taa na friza za ukumbi wa watu 300, kVA 20 inatosha. Ikibeba mzigo mkubwa hunywa lita 4 hadi 5 kwa saa, kwa hiyo weka akiba ya lita 50 kwa saa 10. Friza ziwe na laini yao. Friza inapowaka huvuta umeme mwingi kwa ghafla, volti zinashuka, na meza ya sono inazima katikati ya hotuba ya baba mkwe. Jaribio lifanyike siku moja kabla, friza zote zikiwa zimewashwa.

Mama_Masufuria
Mwanangu, mpishi mshike miezi 4 kabla, lakini idadi kamili mpe wiki 2 kabla. Saini bei ya sahani moja pamoja na idadi ya chini: kwa mfano 270, na nafasi ya kupanda hadi 330. Wanaosaini 300 kavu hulipia viti vitupu, au wanakosa chakula saa ya mwisho.

Usiache mpishi aseme "chakula cha watu 300" tu. Mchele mkavu gramu 100 kwa mtu, ni kilo 30. Nyama mbichi gramu 250, kilo 75. Kuku mmoja vipande 8, kwa hiyo kuku 38 kila mtu apate kimoja. Bukari (ugali) isongwe kwa mafungu, si yote mapema, maana ikikaa inakauka juu. Vitu vingi vinapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na bei zake zinayumba, basi andikeni bei kwa dola.

Vinywaji nunua mwenyewe kwenye depo. Kama 200 wanakunywa bia, chupa kubwa 2 kila mmoja, ni chupa 400: kazie (kreti) 34 za chupa 12. Soda 2 kwa kila mgeni ni kazie 25 za chupa 24. Kubaliana na depo mapema kwamba kazie ambazo hazijaguswa zinarudi, na weka mtu mmoja wa kuhesabu chupa tupu. Bila yeye, fedha ya chupa uliyoweka depo inapotea kabla ya asubuhi.

Sindano_Katuba
Mmesahau vitenge vya familia! Nunua vyote kwa mara moja, miezi 5 kabla. Ukiongeza baadaye, fungu jipya linaweza kuja na rangi tofauti kidogo, na kwenye picha inaonekana wazi. Kipande cha yadi 6 kinamtosha mama mmoja libaya (blauzi) na vitenge viwili. Kitambaa kimfikie fundi miezi 3 kabla, kwa maana Julai mafundi wote wamelemewa. Gauni la bibi harusi lipimwe mara ya mwisho wiki 2 kabla, akiwa amevaa viatu vile vile vya siku yenyewe.

Dada_wa_Golf
Asanteni sana. Na ukumbi unaotoa chakula na mapambo ndani ya bei moja?

Mratibu_Kampemba
Unapunguza mbio, na kwa familia isiyo na mtu wa kusimamia ninaupendelea. Hatari yake ni kwamba ukumbi ukikuangusha, umeangushwa na watatu kwa pamoja. Kwa hiyo gawa malipo: 30% kushika tarehe, 40% mwezi mmoja kabla, na 30% asubuhi ya siku yenyewe, baada ya mtu wako kuona sufuria, viti na grupu kwa macho. Uliza pia kama unaruhusiwa kuleta gato na vinywaji vya nje. Kumbi nyingine hutoza ada kwa kila kazie. Kila malipo yawe na risiti yenye tarehe ya harusi na jina la ukumbi, na dola zisiwe zimechanika hata pembeni.

Mama_Masufuria
Na kabla ya kusaini, nenda uonje chakula chao siku wanapohudumia wageni wengi. Sahani moja ya majaribio kila mpishi anaiweza.